Vibiriti Vitatu vya Cucu

Kuna picha moja ambayo sitaki kuiona tena, na siku nikiambiwa imepotea nitalia. Si picha ya mtu. Ni yai la mnyoo wa kichocho, la manjano yaliyofifia, lenye mwiba ubavuni, na kando yake kuna vitu vidogo vyenye umbo la nyota. Ukimwonyesha mtu mwingine atauliza, hii ni nini, uchafu? Mimi nikiikumbuka namwona mwanamke mzee ameketi kwenye kigoda mlangoni pake, anaambua mbaazi, na ameninyima jibu. Picha yenyewe iko kwenye diski nyeusi ya zamani, ndani ya mkebe wa majani ya chai, na siku hizi hakuna mashine karibu nami inayoweza kuifungua. Hiyo hainisaidii. Inafunguka yenyewe.

Nilizaliwa Kiirua, kule Meru, kwa baridi na viazi, kwa watu wanaovaa sweta hata Desemba. Nilipomaliza kusomea kazi ya maabara, miaka ya tisini ikielekea mwisho, nikatumwa huku chini Mbeere, upande wa Embu ambako jua hukupiga tangu asubuhi hadi ukajiuliza umemkosea nani. Nililalamika sana, wala sifichi. Mimi ni mtu wa kulalamika. Nililalamikia joto, mbu, maji ya chumvi, na ndengu kila siku ya Mungu. Aliyenivumilia ni mwenye nyumba wangu, mama mzee aliyenipangisha chumba kimoja bomani kwake. Huko nyanya huitwa cucu. Kila mtu alimwita hivyo, nami nikamwita hivyo, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa nakula kwake kuliko nilivyokula kwangu.

Cucu alikuwa akilea wajukuu watatu: msichana wa miaka kama kumi na mmoja hivi, na wavulana wawili wadogo. Mama yao, binti yake wa pekee, alizikwa mwaka mmoja kabla sijafika. Ugonjwa wake haukutajwa. Miaka ile haukutajwa kokote. Ulisikia tu kwamba aliugua, akakonda, akaenda. Hakuwa ameolewa, hapakuwa na mama mkwe wa kurithiwa jina, kwa hivyo mtoto wake wa kwanza wa kike alipewa jina la cucu, na kule jina si la kuitana tu. Aliyepewa jina lako ni wewe umerudi ukiwa mdogo. Cucu alimwita yule msichana "mimi". Alikuwa akisema, mwambie mimi alete maji, na siku za kwanza nilidhani mzee amechanganyikiwa.

Alikuwa na tumbo lililomsumbua. Alisema ni gesi. Ujana wake wote ulikwisha kwenye mashamba ya mpunga kule Mwea, akifanya kibarua cha kupanda na kupalilia, maji yamemfika magotini, na alisema maji yale yalimwachia baridi ndani. Dawa yake ilikuwa mutongu, ule mti mdogo wa miiba wenye matunda ya manjano ambayo hata mbuzi huyapita. Kwa Kiswahili ni ndulele. Alichuma jani changa, lile lenye manyoya ukilishika, akalitafuna polepole na kulimeza, uso umekunjamana. Siku moja alinipa nijaribu. Nilitema hadi mate yakaniishia, naye akacheka akashika mbavu. Watoto walikuwa wameshakomeshwa na mchezo huo. Wakimwona na jani mkononi walikimbia.

Ndipo akaja daktari na kamera yake. Alikuwa Mmeru mwenzangu, kijana wa Kangeta aliyesomea ng'ambo, na gari lake lilijaa makorokoro. Alileta kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi fulani Nairobi, na kamera ya duara, saizi ya ndimu, ya aina waliyotengenezewa watu wa kutazamana kwenye kompyuta. Alichukua kile kikopo cha plastiki cha kuwekea filamu, akakata kitako chake, akakivalisha kwenye jicho la darubini, kisha akabandika kamera juu yake kwa utepe mweusi wa mafundi wa stima. Nikamwambia huo si udaktari, ni kuziba bomba. Akaniuliza mtu wa viazi anajua nini. Watu wa Kangeta wanapenda kutudharau sisi wa Kiirua, na yeye mwenyewe alikuwa na shavu limevimba miraa.

Lakini alipowasha jenereta na mashine ikaamka, nilinyamaza. Kitu nilichozoea kukitazama kwa jicho moja, shingo imekakamaa, kilikuwa pale kwenye kioo, kikubwa kama sahani. Picha zilikuwa na ukungu na zilivutia kwenye kijani, lakini zilitosha. Ungeweza kuziweka kwenye diski, ukampa dereva wa basi, na mtaalamu wa hospitali kubwa akaona ulichokiona bila mgonjwa kuondoka kwake. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto ya daktari: picha isafiri, mtu abaki. Na kwa bei ya kuku, alipenda kusema. Tena aliipanga mashine hivi kwamba ikikaa kidogo bila kuguswa, ilianza yenyewe kuonyesha picha, moja baada ya nyingine, na chini ya kila moja jina la mwenye nayo. Alisema ni ya kuwafurahisha wageni.

Alikuwa amepata tembe za kichocho za watoto wa shule, lakini alitaka kwanza kujua nani anacho na amelemewa kiasi gani. Tukatangaza shuleni kila mzazi alete choo cha mtoto wake ndani ya kibiriti kitupu, pamoja na karatasi yenye jina. Wanawake walicheka, wakaziba pua, wakaleta. Cucu alileta vibiriti vitatu vimefungwa kwa jani la mgomba. Majina nilikuwa nimemwandikia mimi, jikoni kwake, kwa kuwa yeye hakujua kuandika. Aliniuliza mara mbili vitarudishwa lini. Nikamwambia cucu, wacha mzaha, nani atataka kurudishiwa hiyo.

Nilipoweka cha msichana chini ya darubini nilidhani nimeona vibaya. Mayai yalikuwa kila mahali, kila moja na mwiba wake. Nikamwita daktari. Alitazama kioo akaacha kutafuna. Nilikuwa nayajua mambo yale kutoka darasani, lakini aliyasema kwa sauti, nadhani ili ayasikie mwenyewe: minyoo hukaa ndani ya mishipa ya damu ya tumbo, hutaga, na mayai yasiyopata njia ya kutoka hukwama kwenye ini. Ini hugeuka gumu. Damu hukosa pa kupita, mishipa ya kooni huvimba, na siku moja inapasuka na mtu anatapika damu. Alisema hajawahi kuona mzigo kama ule kwa mtoto. Hata kwa mtu mzima aliyelima mpunga maisha yake yote ungekuwa mwingi.

Vya wavulana vilikuwa hivyo hivyo. Jioni nilikula nao, nikawatazama wakigombania ukoko wa sufuria. Niliogopa. Watoto hawa waliokuwa wakiruka kamba uani, wakiniita auntie na kuniibia sukari, walikuwa na kitu ndani yao ambacho kingeweza kuwaua mbele ya macho yangu, na nilikuwa nimeshawapenda. Nilimweleza cucu yote, polepole, kwa Kiswahili changu na Kimeru changu, naye akanijibu kwa Kimbeere chake. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Hakuuliza lolote, na hilo lilinishangaza.

Watoto wakapewa tembe. Ni tembe kubwa, chungu, na zinaleta kizunguzungu. Wavulana walilala tu wakaamka na njaa, lakini msichana alitapika mchana kutwa, akawa mweupe midomoni. Cucu alimpakata kichwa mapajani, akinitazama juu yake. Alisema neno moja tu, umeona.

Daktari hakuridhika na tembe peke yake. Alitaka msichana apelekwe Embu mjini akapigwe picha ya tumbo, tujue ini limefika wapi. Nilipeleka habari hiyo nyumbani na cucu akasema hapana. Nikambembeleza. Hapana. Nikamwambia gari ni la daktari, chakula ni cha daktari, yeye atakaa tu kitini kama malkia. Akaingia ndani akafunga mlango. Basi nikapandwa na hasira, na hasira zangu hazina mlango. Nilisimama uani nikapiga kelele hadi majirani wakaja kusimama kwenye ua, nikisema mtoto atakufa, mtoto atakufa, na mzee amekaa na ukaidi wake. Kesho yake uji wangu haukuwa mezani. Aliuweka nje kwenye jiwe, umefunikwa, kama wa mtu wa kupita njia.

Kitu kilichofungua jambo hili ni uvivu wa mashine. Tulikuwa maabarani mchana, mimi na daktari, tunakula mandazi, jenereta bado inanguruma, hatujagusa kompyuta kwa muda. Picha zikaanza kupita. Mtoto huyu, mtoto yule. Daktari akashusha kikombe akaniuliza zile nyota ni nini.

Nilikuwa nimeziona na kuziacha. Kwenye choo cha mtu kuna takataka nyingi, na ukianza kuchunguza kila kitu hutarudi nyumbani. Lakini alingoja picha zizunguke tena, tukahesabu kwa macho, na tukaona kwamba nyota zilikuwa kwenye picha tatu tu katika shule nzima. Zote tatu za boma letu. Daktari alisema ni manyoya ya jani fulani. Kwamba yeye, mtoto wa Kangeta, aliwahi kuweka kila kitu cha kutafunwa chini ya darubini alipokuwa mwanafunzi, na majani mengine yana manyoya ya namna hiyo. Akauliza hao watoto wanatafuna nini.

Hapakuwa na mtoto pale bomani aliyekuwa tayari kutia mutongu kinywani, hata kwa kupigwa. Nilikaa na andazi mkononi. Yule mgonjwa tuliyekuwa tukimtafuta kati ya watoto watatu hakuwa mtoto. Mwiba ulikuwa wa mtu mmoja, mara tatu, na mtu huyo ndiye aliyeniwekea uji kwenye jiwe asubuhi ile, na hakuwa amemeza hata tembe moja.

Nilienda nyumbani jua likiwa kali. Nilikuwa nimejiandaa kugomba, nimepanga maneno njia nzima. Nilimkuta kwenye kigoda chake, anaambua mbaazi. Sijui kwa nini sikugomba. Nilikaa chini, nikavuta ungo, nikaanza kuambua pia. Baada ya muda nikamuuliza vibiriti vilikuwa vya nani.

Aliambua ganda moja, na jingine, na jingine. Nilidhani ndiyo basi, hatajibu. Kisha akasema, bila kuinua macho:

"Mama yao alienda hospitali wakamtoa damu kwa chupa. Akaenda tena, wakatoa. Mkojo, makohozi, damu. Kila akirudi alikuwa amepungua. Walimchukua kidogo kidogo hadi akaisha. Sasa ninyi mmekuja na vibiriti."

Nilitaka kumwambia sivyo. Nilikuwa na masomo yangu yote tayari ulimini. Lakini nilimwona akihesabu zile chupa kichwani mwake, kila moja na siku yake, na nikajua kwamba macho yake hayakumdanganya. Aliona alichoona. Binti alienda mnene akarudi mwembamba, na katikati kulikuwa na mtu aliyevaa koti jeupe kama langu. Nililia pale pale, juu ya mbaazi za watu.

Baadaye nilimwambia, nikijifuta kwa leso, kwamba hata hivyo alinidanganya. Akakataa kabisa. Alisema kwenye karatasi niliandika jina, na jina lile ni lake. Yule mtoto ni yeye, kwa hivyo kuna uongo gani. Nikamuuliza na wavulana je. Akafikiri. Akasema wavulana wanakula chungu chake. Tukacheka, Mungu atusamehe, tukacheka kama wendawazimu, na uji ukarudi mezani.

Tembe alikubali kumeza, ila kwa sharti kwamba hatutachukua kitu kingine kwake. Nikamwambia tayari ametupa vya kutosha, vibiriti vitatu vimejaa. Sharti la pili lilikuwa kwamba watoto wasiguswe maadamu yeye yu hai. Daktari alisema sawa, wameshapata dawa. Kisha cucu akataka kuonyeshwa hiyo picha ambayo watu wanasema iko kwenye mashine. Hakuwa amewahi kupigwa picha maishani. Hata kwenye mazishi ya binti yake alipoona kamera alijifunika khanga.

Alikuja na msichana amemshika mkono. Alikaa mbele ya kioo, mgongo umenyooka, leso mpya kichwani, kama mtu aliyekuja kanisani. Picha ikatokea. Alisogeza uso karibu, akanyoosha kidole, hakukigusa, akasema hiyo ni mutongu yake. Mwiba hakuujali. Alitazama zile nyota muda mrefu. Kisha msichana, ambaye alikuwa anajua kusoma, akainamia maandishi ya chini.

"Cucu," akasema, "hapa kuna jina langu."

"Ni langu," cucu akamjibu. "Lilikuwa langu kwanza."

Aligeuka akaniuliza kama mtoto yumo humo ndani. Nikasema hayumo. Akasema basi ni sawa, akasimama, akamshika mkono wakatoka.

Daktari alimpapasa tumbo siku hiyo hiyo, juu ya nguo, kwa kuwa hakukubali zaidi ya hapo. Aliponiambia alizungumza Kimeru, jambo ambalo hakulifanya kazini. Ini lilikuwa gumu, wengu umevimba hadi kitovuni. Minyoo itakufa, alisema, lakini makovu hayana dawa. Tutafanya nini, nikamuuliza. Akasema tutaomba mishipa isipasuke. Nilikasirika naye, na kamera yake, na utepe wake mweusi, kwamba kitu kinaweza kukuonyesha ugonjwa waziwazi namna ile halafu kikukunjie mikono. Lakini hilo halikuwa kosa la kamera.

Alipona kwa muda. Ninasema alipona kwa sababu yeye alisema amepona. Alikula, alipanda mtama, aliacha mutongu, akajisifu kwa majirani kwamba tumbo lake halimsumbui tena. Mimi nilikuwa nikimtazama kila asubuhi kama mtu anayetazama dari linalovuja. Mvua za Novemba zikaja, na asubuhi moja ya siku ya soko msichana akaja kunigongea, mikono yake nyekundu hadi kwenye viwiko.

Tulimpakia kwenye pikapu ya kubebea mchanga. Msichana alishika beseni na mimi nilishika kichwa. Barabara ilikuwa tope tupu, tukisukuma, tukipanda, tukishuka tena, na kila gari lilipotingishika damu ilikuja. Hakupiga kelele. Karibu na lami alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, akaniuliza kama mtoto hayumo kwenye mashine.

"Hayumo, cucu," nikasema.

Alifika kwenye lami amekwisha. Dereva alizima injini, na kwa kitambo hakuna aliyejua tugeuze gari au tuendelee.

Dada yake cucu alikuja kulea watoto, mwanamke mwema, mkimya. Nami nilibaki kwenye chumba changu, maana ningeenda wapi. Daktari alimaliza muda wake akaondoka, akatuachia mashine. Hapo ndipo mambo yaliponianzia. Nilikuwa nikiosha vioo vya darubini, mgongo umeelekea kompyuta, najua bila kugeuka kwamba picha imefika kwake. Nikigeuka naikuta: yai, mwiba, nyota, na jina chini. Mara nyingine, naapa, kabla sijageuka nilisikia harufu ya jani lile chungu. Nilikuwa nakimbilia kipanya nakitikisa hadi kioo kinarudi kitupu. Nilijaribu kuitoa kwenye mzunguko na sikujua namna. Nikajaribu kuifuta, hilo nilijua namna, na kidole changu kilikataa.

Kisha nikagundua kwamba siko peke yangu. Msichana alianza kupitia maabarani akitoka shule. Alisema anakuja kunisalimia. Alikaa kwenye stuli mbele ya kompyuta, akaweka mikono chini ya mapaja yake, akatulia kabisa. Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa anajizuia kugusa kitu ili mashine isinzie, ili picha zianze, ili nyanya yake aje. Siku ya kwanza nilipoelewa nilimfokea, nikamwambia aende nyumbani kuna maji ya kuchota. Alisimama akaenda bila neno. Siku ya pili nilivuta kiti changu nikakaa kando yake, mikono yangu pia nikaizuia, tukangoja.

Nyumba ilikuwa haina picha nyingine ya cucu. Hiyo ndiyo ilikuwa picha yake.

Mwaka uliofuata msichana alianza kushika tumbo. Mwanzoni alinificha. Nilimwona uani ameinama, uso umekunjamana kwa namna niliyoijua. Nilimpa kibiriti mimi mwenyewe. Alikitazama, akaniuliza kama cucu angekubali. Nikamwambia ukweli: cucu hayupo, na mimi ninaogopa. Alikichukua. Asubuhi akakileta kimefungwa kwa jani la mgomba, na kwa hilo tu nusura nishindwe kukifungua.

Aliketi kwenye stuli yake nikifanya kazi. Nilitembeza kioo chenye sampuli chini ya darubini kutoka ukingo hadi ukingo, nikitafuta mwiba. Nikakirudia. Nikatengeneza kingine, nikakitembeza nacho. Hapakuwa na mwiba. Palikuwa na amiba tu, ugonjwa wa maji machafu, wa kumalizwa kwa dawa ya siku chache. Labda hakuwahi kuwa na kichocho hata siku moja. Au labda alikuwa nacho, na zile tembe zilizomtapisha akiwa mapajani mwa cucu ndizo zilizomwokoa, tembe alizopewa kwa sababu ya choo kisicho chake. Hilo sitalijua, na ndilo linaloniamsha.

Nilimwambia ni amiba, akapumua. Kwa mazoea nikaivalisha kamera kwenye darubini, nikapiga picha, nikaandika jina lake, nikabonyeza ihifadhiwe. Mashine ikakataa. Ikaleta kidirisha katikati ya kioo chenye swali kwa Kiingereza. Msichana alisogea akalisoma polepole, midomo ikicheza, kisha akanigeukia kuona kama ameelewa sawasawa. Alikuwa ameelewa. Mashine ilisema picha yenye jina hili ipo tayari, na ikauliza kama iifute ile iweke hii.

Kulikuwa na njia nyingine. Majina yakigongana tuliongeza tarakimu mwishoni, na mambo yakaendelea. Nilijua hivyo, na vidole vyangu vilikuwa vimeshafika juu ya tarakimu. Yeye alikuwa amerudisha mikono chini ya mapaja.

"Lilikuwa lake kwanza," akasema.

Nikabonyeza hapana. Nikaitoa picha mpya, nikachomoa kile kioo cha darubini nikakitia kwenye dawa, nikakiosha hadi kikawa cheupe. Tukakaa, hatukugusa kitu, na baada ya muda mashine ikaanza kuonyesha zake. Mtoto hayumo, cucu. Mpaka leo hayumo.